Mwalimu wa Peran

Sikumwamini Mwalimu tangu wiki aliyohamia mtaani kwetu, na kilichonitia shaka ni viatu vyake. Sisi wengine tukifika mlangoni tunavua viatu na kuviacha pale vilipoangukia. Yeye alivigeuza. Aliviweka kando ya kizingiti, vimekaa pamoja, ncha zikitazama barabarani, tayari kwa safari. Nilimwambia mume wangu, huyu mzee ana jambo. Mume wangu akacheka, akasema kwangu mimi kila mtu ana jambo, hata mama mkwe wangu aliyelala kaburini. Alikuwa anatania, lakini hakukosea sana.

Niseme mapema kazi yangu, maana ndiyo iliyonifanya niwe hivi. Ninakagua korosho ghalani. Gunia likiletwa sitazami juu, kwa sababu juu mtu huweka zile anazotaka zionekane. Ninachota kutoka chini, nakata moja moja kwa kisu na kuangalia ndani. Nimekuta kokwa zilizooza ndani ya maganda yanayong'aa. Nimekuta kokoto, mchanga, na safari moja kipande cha tofali kilichofungwa kwa kitambaa kwa adabu zote. Aliyeleta gunia lile alikuwa mtu wa dini, tena mwenye sauti nzuri ya kuimba. Ukifanya kazi kama hiyo miaka mingi, mtu akikuambia habari za asubuhi unajiuliza anataka nini. Watu wa mtaa wetu hapa Naliendele walipoona nilivyo, wakanichagua niwe mjumbe wao, wakidhani shaka yangu itawasaidia.

Na kweli siku ikafika ikatakiwa kazini. Tangu mambo yaharibike kule ng'ambo ya mto Ruvuma, nchi ya jirani, tuliambiwa tujue kila nyumba ina nani na ametoka wapi. Mwenyekiti wa mtaa akaniita pembeni ya duka lake.

"Mama Neema, yule mzee mwalimu wa Kigiriki ni jirani yako, na kanisani mko pamoja. Kikao kijacho utasimama utuambie ni mtu wa wapi. Watu wanasema siyo mwenzetu."

"Na ikionekana siyo mwenzetu?"

"Tutapeleka taarifa mbele. Wakija wenyewe kumchukua, habari ya kumrudisha kwao watajuana naye."

Kwao! Wakati huo Mwalimu hakuweza tena kufika kanisani bila kukaa kwanza kwenye ngazi ya duka la dawa, kisha kwenye ngazi ya saluni, akihema. Mtu wa namna hiyo unamrudisha wapi, na atafika? Lakini neno langu ndilo lililosubiriwa, na mimi sijawahi kupitisha gunia nisilolijua. Kwa hiyo kabla ya kikao nilianza kumkagua kichwani, jambo moja baada ya jingine. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake jeupe alikuwa amelipindua kola likavaliwa maisha ya pili. Miwani aliifunga kwa uzi wa kushonea magunia. Alikuwa amefundisha Kigiriki cha kale katika chuo kidogo cha wainjilisti, na alipostaafu hakujua la kufanya na Kigiriki chake, akaanza kutufundisha sisi wazee wa kanisa kila Jumamosi. Tulikuwa kundi la kuchekesha. Wengine wetu hata Kiingereza kinatutoa jasho, leo tunaandika herufi zinazofanana na ndoano za samaki. Tulikwenda kwa sababu alifundisha bure, na kwa sababu mke wake alipika uji wa mchele wenye nazi.

Maneno tuliyoyataka ni yale makubwa: neema, upendo, ufufuo. Tulitaka tukayapambe mimbarini, watu waseme huyu kasoma. Mwalimu aliyapita mbio. Neno alilolipenda yeye lilikuwa peran, neno dogo ambalo kwetu ni ng'ambo, upande wa pili wa maji. Mtu anaweza kwenda peran, anaweza kukaa peran, anaweza kurudi kutoka huko. Wagiriki walilisema kwa bahari, kwa mito, kwa ghuba, kwa kila kitu ambacho mguu haukipiti bila kulowa. Kila muhula tulianza na neno hilo, na kila muhula lilikula wiki nyingi kuliko tulivyopanga.

"Neno hili halina kiti," alisema. "Ukisoma ng'ambo ya mto, usikimbilie kuuliza mto uko wapi. Uliza miguu ya anayesema iko wapi. Akishasema ng'ambo amekwisha kukuonyesha aliposimama, hata kama hakutaka umwone."

Akatupa mfano kutoka kwenye Maandiko. Yuko nabii ambaye sote tunajua alikufa bila kuuvuka Yordani. Lakini anayetusimulia maneno ya nabii huyo, katika kitabu tunachosema alikiandika mwenyewe, anasema yalisemwa ng'ambo ya Yordani.

"Basi msimuliaji alikuwa upande gani?" Mwalimu akauliza.

Mzee mwenzetu mmoja, karani mstaafu wa bandarini, akapandisha mabega. "Mwalimu, unataka kutuambia nabii hakuandika mwenyewe?"

"Mimi sijasema kitu. Neno ndilo limesema."

Karani alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji kumshtaki. Wiki nzima kanisa lilichemka, wengine wakisema mzee anatubomolea imani kwa herufi za ndoano. Mimi siku ile nilimpenda, niseme kweli. Niliona mtu wa kazi yangu, anayechota chini ya gunia. Lakini hapohapo shaka ikanipanda: mtu anayejua hivyo namna msemaji anavyojifichua, yeye mwenyewe anapozungumza anaficha nini?

Maana alijilinda. Kwa miaka yote hiyo sikumsikia hata siku moja akisema "kwetu" akaongeza jina la kijiji. Ukimuuliza, alijibu "Songea huko" na mkono akaupunga juu, kama anamfukuza nzi. Songea upande gani? "Pande zote ni Songea." Siku moja tulikwenda Madimba kumzika muumini mwenzetu, na mlinzi mmoja barabarani, aliyekuwa akiuliza kila gari, akainama dirishani. "Mzee, unatokea wapi?" Mwalimu akamjibu, "Nyumbani." "Na unakwenda wapi?" "Msibani." Mlinzi akabaki ameshika kofia yake. Gari zima tulicheka. Mimi nilicheka pia, lakini nilikumbuka jibu lile nilipofika kwangu.

Jambo lililomtia hasira kuliko yote ni mtu kusema "mtu wa ng'ambo". Hapa kwetu ni lugha ya kila siku: vitenge vya ng'ambo, pombe ya ng'ambo, mwanamke kaolewa na mtu wa ng'ambo. Tukilisema darasani, Mwalimu aligonga meza.

"Hakuna mtu wa ng'ambo! Vuka wewe uone. Ukifika, ng'ambo imekuwa huku ulikotoka, na mtu wa ng'ambo ni wewe."

"Lakini Mwalimu, tunaongea tu."

"Ndiyo, mnaongea tu. Watu wamefukuzwa na kuongea tu."

Alisema hivyo akavua miwani akaifuta, na miwani ilikuwa safi.

Sasa nieleze habari ya Kilambo, kwa sababu pale ndipo shaka yangu ilipopata miguu. Mwalimu alisema hatutalielewa neno lake darasani, lazima twende mtoni. Tukakodi gari, tukafika ukingoni mwa Ruvuma wakati maji yanatoka kwenda baharini kwa nguvu. Katikati ya mto kulikuwa na fungu kubwa la mchanga. Akatugawa: nusu tupande mtumbwi twende kwenye fungu, nusu wabaki naye. Yeye mwenyewe alikataa kupanda. Alisema ana kizunguzungu.

Mwenye mtumbwi alikuwa mvuvi wa baharini aliyekuja mtoni kwa msimu. Akaelekeza pua ya mtumbwi kwenye fungu la mchanga, akaanza kusukuma. Hatujafika mbali, nikasikia sauti kutoka ukingoni ambayo sijawahi kuisikia kwa Mwalimu, sauti ya mtu anayeita ng'ombe.

"Panda nayo kwanza! Panda nayo! Fuata matete, uende juu, juu kabisa, halafu uachie! Unataka kunipelekea wazee wa kanisa baharini?"

Mvuvi alitii. Tukapanda na mto tukiwa tumebana kwenye matete, tukiliacha fungu la mchanga nyuma yetu, hata mwenzangu mmoja akaanza kusali. Kisha Mwalimu akapaza sauti, "Achia!" Mvuvi akageuza pua kidogo tu, maji yakatubeba kwa ubavu, na tukatua katikati ya mchanga bila hata kulowa. Nilikaa pale nikamtazama yule mzee wa shati jeupe kule ukingoni. Mtu wa Songea, wa milimani, amejua wapi kwamba mto huu unavukwa kwa kwenda kwanza mahali usipotaka kufika?

Somo lenyewe lilikuwa kichekesho. Alipaza sauti, "Walio ng'ambo, kaeni chini!" Sisi wa mchangani tukawasubiri wale wakae. Wale wakatusubiri sisi. Karani wa bandarini akatupigia kelele kutoka kule, "Si mmeambiwa mkae?" Nasi tukajibu, "Nyinyi ndio ng'ambo, kaeni nyinyi!" Tukabishana juu ya maji kama watoto, na Mwalimu akacheka mpaka akajishika kiuno. Mama mmoja aliyekuwa akifua akasimama, mikono kiunoni.

"Baba, hawa wazima? Nto una mamba huu, wao wanagombania kukaa!"

Tukirudi, nilikaa karibu naye garini. Nikamwuliza kwa upole, upole wangu ule wa ghalani.

"Mwalimu, mtumbwi umeujulia wapi?"

"Nimesoma."

"Umesoma kuvuka mto?"

"Mama Neema, mimi nimesoma mambo mengi." Akageukia dirisha, na njia nzima hakusema tena.

Nikaanza kudhani anavusha magendo. Nisicheke sasa, wakati ule nilidhani hivyo kabisa. Mzee aliyestaafu, ana bati jipya, ana mita ya maji yake mwenyewe, na anaujua mto kuliko wavuvi. Nilimhesabia kila kitu alicholeta nyumbani. Nikagundua analeta mihogo, sukari na mafuta ya taa, na kwamba bati lile alilipiwa na wanafunzi wake wa zamani. Shaka yangu haikufa, ilihama tu.

Ilihamia msibani. Mke wake, mtu wa Masasi, alipofariki, ndugu wa mke walijaa uani. Walikuja na magari, na mapipa ya kupikia, na wale mabinti wanaojua kulia kwa zamu. Upande wa mume kulikuwa na benchi moja tupu. Sisi wazee wa kanisa tukaenda kulikalia ili lisionekane. Kisha yule aliyekuwa akiongoza ratiba akatangaza, "Msemaji wa ukoo upande wa bwana." Kila aliyezika mtu hapa anajua maana ya dakika hiyo. Anasimama mjomba, au kaka, au hata binamu mlevi, anashukuru watu, anaelezea ukoo. Hakusimama mtu. Nilisikia kuku wakiparura nyuma ya jiko. Mwisho Mwalimu akasimama mwenyewe, mjane wa kiume na macho yake makavu, akasema, "Ukoo unawashukuru," akakaa. Watu wakanong'onezana mpaka makaburini, na nililionea huruma lile benchi kuliko nilivyowahi kuonea kitu.

Lakini hata huruma haikunizuia kuuliza. Songea si mwezini. Tangu nimfahamu hajaenda huko kuzika mtu, hajaenda Krismasi, hajapokea mgeni hata mmoja mwenye kikapu. Mtu ambaye kwao hakuna anayekufa, huyo hana kwao, au kwao siko anakosema.

Na kuna habari ya wamama wa mihogo. Wale wanapita asubuhi na vikapu kichwani, wakiongea Kimakonde kwa sauti ya kusikika hadi kijiji cha pili. Mwalimu siku zote aliwaambia hajui Kimakonde, waseme Kiswahili. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama naye kwenye ua, wamama wawili wanachagua mihogo, mmoja akamwambia mwenzake jambo kuhusu suruali ya Mwalimu. Mimi nimekaa Mtwara tangu utotoni, nasikia maneno machache, sikulipata. Mwalimu alicheka. Alicheka kabla hata mwenzake yule mama hajacheka. Kisha akajikohoza sana, akaingia ndani kutafuta maji.

Yule mama akanitazama. "Huyu ntu ametusikia."

"Amekohoa tu."

"Ametusikia. Tena kama wa kule kwa bibi yangu."

Bibi yake, nilijua, alizaliwa upande wa pili wa mto.

Nisije nikamchora mzee wa watu kana kwamba alikuwa fumbo tupu. Alikuwa pia mtu wa kero. Alimshuku muuza maziwa kwamba anatia maji, akamwekea chupa juani wiki nzima kuonyesha. Alimshuku mchungaji kwamba mahubiri yake anayatoa kwenye simu. Mimi alinishuku kwamba naharibu miche ya maua yake kwa kumwaga maji ya sabuni, na hapo alikuwa sahihi. Hakukopesha kitabu hata kwa kiapo. Lakini maji ya bomba yalipokatika mtaa mzima, alifungua geti lake, akaweka mpira kwenye tangi lake na kusema kila mtu achote. Alikaa pale pale kwenye kigoda akigombeza: fulani anajaza mno, fulani ana ndoo chafu, fulani si alinisengenya juzi, haya chota. Aliyemsengenya alichota zaidi ya wote. Tangi lilipokauka, yeye mwenyewe akaja kwangu kuomba maji ya kupikia, akilalamika kwamba watu hawana kiasi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa naye kichwani kikao kilipokaribia: viatu vinavyotazama njia, mto, benchi tupu, kicheko. Nilikuwa na jibu tayari, sikulipenda. Nikaamua niende nikamwulize ana kwa ana, au tuseme nimtege, kwa sababu mimi sijui kuuliza bila kutega. Nilikwenda alasiri. Nilimkuta barazani anamenya mihogo iliyochemshwa, miguu imevimba, ameiweka juu ya gunia lililokunjwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Neema. Kaa. Chumvi iko pale."

Nikakaa, nikala muhogo, nikaanza kuzunguka. Nikamwuliza hali ya miguu, hali ya hewa ya Songea wakati huu wa mwaka. Aliniacha nizunguke. Halafu akaweka kisu chini.

"Umepanda na mto vya kutosha," akasema. "Achia."

Nikaacha kutafuna.

"Kikao ni kesho, najua. Mwenyekiti kaja kunialika kwa heshima sana, nikajua mambo si mazuri. Unataka kujua mimi ni mtu wa wapi. Mama yangu alinivusha utotoni, vita vile vya uhuru vya kule vilipoanza. Tulivukia juu kidogo ya pale Kilambo. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kukumbuka, nilikuwa nikimsaidia babu yangu na mtumbwi wake. Babu alibaki. Mama alirudi kumfuata, akaniacha kwa wamisheni waliokuwa wakipandisha watoto Songea. Amelala huko huko, sijui hata chini ya mti gani. Wamisheni waliniuliza kwetu wapi. Watoto wenzangu waliosema kweli niliwaona wanatengwa pembeni. Mimi nikasema Songea. Nikaona inatosha. Ningesema Newala, kwa Wamakonde wa huku, wangeniuliza ukoo."

"Na mwenzako alijua?" Nilimaanisha marehemu mke wake.

"Hakuniuliza. Nilimwoa kwa sababu hiyo, na nilijuta kwa sababu hiyohiyo. Nilikaa nikisubiri aniulize mpaka akafa."

Nilipandwa na hasira. Sikutegemea, lakini nilipandwa, nikasimama na muhogo mkononi.

"Sasa kwa nini umeniambia mimi? Mimi ndiye mjumbe! Ungenyamaza, kesho ningesema sijui, na ingekuwa kweli! Sasa nikisema sijui ni uongo, nikisema najua nimekumaliza. Umenitwisha mzigo gani huu, Mwalimu?"

"Kaa, watu wanasikia."

"Wacha wasikie!"

Hakupandisha sauti. Alisema kwamba maisha yake yote amefundisha watu kumtambua msemaji aliposimama, na darasa baada ya darasa alikuwa akitumaini, na akiogopa, kwamba mmoja atageuka amtazame yeye. Hakugeuka mtu. Karani wa bandarini alimtetea nabii, hakumwona mwalimu. Ni mimi tu niliyemtazama vibaya tangu siku ya kwanza, na yeye aliliona jicho langu, na kwa namna yake lilimliwaza.

"Wewe hukuwahi kuniamini," akasema. "Basi nikaona nikuambie wewe. Usidanganye kwa ajili yangu. Kesho nitasimama mwenyewe niwaambie. Nimechoka, Mama Neema. Wacha wanipeleke."

"Wakupeleke wapi, na miguu hii?"

"Sijui. Huko peran." Akatabasamu, nami nikachukia lile tabasamu. Nililia njiani kwenda nyumbani, njia yenyewe ni ua mmoja.

Usiniulize kama nilipanga kitu. Nilimsikiliza mume wangu akiniambia niseme sijui. Nilijiambia hivyo hivyo mwenyewe, nikifagia, nikipika, nikifunga kilemba. Niliogopa. Mjumbe anayedanganya kikao habari ya mtu wa nje, nyakati hizi, hasemewi neno zuri na yeyote, na kazi ya ghalani hupewa mtu anayeaminika.

Kikao kilikaa mbele ya ofisi ya mtaa, watu kwenye mabenchi na wengine juu ya matofali. Mwalimu walimwekea kiti mbele, amevaa shati lile jeupe, fimbo katikati ya magoti. Wamama wa mihogo walikuwepo. Karani wa bandarini alikuwepo, mikono amefumbata. Mwenyekiti akapitia habari ndogondogo, kisha akakohoa.

"Mjumbe, tueleze sasa. Mzee wetu huyu ni mtu wa wapi?"

Kabla sijainuka, Mwalimu alikwisha kushika fimbo. Aliinuka polepole, kwanza mgongo, kisha magoti, na nikaona mdomo wake unafunguka. Nilijua neno litakalotoka, na nilijua likishatoka hakuna wa kulirudisha.

"Kaa chini, Baba Mdogo," nikasema. "Miguu hiyo itakuangusha."

Marehemu baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge, mtoto wa pekee wa mama yake, aliletwa hapa na kazi ya bandari. Karani alikaa naye meza moja miaka na miaka. Mwenyekiti alibeba jeneza lake. Pale mbele yangu hakukuwa na mtu mzima asiyejua kwamba baba yangu hakuacha ndugu wa kiume duniani.

"Ni baba yangu mdogo," nikarudia. "Anayetaka kumpeleka popote, aanze na mimi."

Mwenyekiti alinitazama. Akamtazama karani, karani akatazama vidole vyake. Kutoka nyuma, yule mama wa mihogo akapaza sauti.

"Si kasema ni babake? Tuendelee, jua linatuchoma."

Mwenyekiti akapangusa uso kwa leso, akasema tuingie kwenye habari ya takataka. Mwalimu alikuwa bado yuko nusu wima, ameegemea fimbo, ananiangalia. Kisha akakaa.